Sufuria ya Wajawazito

Kabla ya jambo lolote kutokea, hali za nyumba yetu zilikuwa kama ifuatavyo. Tulikaa kusini ya Msambweni, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka barabarani, katika nyumba ya udongo na makuti yenye vyumba vitano, mali ya bibi yetu mzaa mama. Mama alikuwa amekwisha kufariki. Baba alikuwa hai, lakini aliishi kwa mke wake mwingine upande wa Vanga, akatutembelea kila Idi na kutuombea dua. Hakuna aliyeona upungufu katika mpango huu. Dini yetu ilihesabu ukoo kwa baba, nasi tulikuwa Waislamu. Lakini ilipokuja habari ya nani ni wa nani, nani aoe wapi, na nani amerithi maradhi gani, watu wetu walihesabu kwa mama. Ukoo huo wa upande wa mama uliitwa fuko. Mwenye neno juu ya watoto wa fuko alikuwa mjomba wao. Mjomba wetu alikuwa amehamia Mombasa kufanya kazi bandarini, akaniachia mimi neno hilo pamoja na koti lake la zamani. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, mwalimu wa shule huko Matuga. Miaka yenyewe ilikuwa ile ya hamsini, katikati yake.

Hali ya pili ni sufuria. Ilikuwa ya shaba, yenye kujaa pishi nne, na Bibi aliipata kwa mama yake, ambaye naye aliipata kwa mama yake siku ya kuolewa. Shaba tupu huharibu chakula, na watu wa pwani wamelijua hilo tangu zamani. Kwa hiyo ndani ya chombo hupakwa ngozi nyembamba ya bati lililoyeyushwa, na ngozi hiyo ikichakaa hupakwa upya. Kazi hiyo huitwa kutia kalai. Fundi wetu wa kalai alikuwa mtu wa jirani, mtaratibu, aliyerithi kazi kwa baba yake. Alikuja kila mwaka wa pili, akawasha makaa nyuma ya jiko letu, akasugua, akayeyusha, akapaka kwa kitambaa cha pamba, kisha akapewa bakuli la uji na kwenda zake.

Hali ya tatu ni uji wenyewe. Sufuria ile haikupikiwa wali wala mchuzi. Ilitundikwa ukutani, ikateremshwa tu alipokuwapo mjamzito ndani ya nyumba, au siku ya kutiwa kalai. Kwetu binti hurudi kwa mama yake kuzaa mtoto wa kwanza. Bibi aliipanua desturi hii akataka warudi kwa kila mimba, tena mapema, hedhi ikikosekana mara mbili. Mjamzito hupenda uchachu. Bibi aliroweka ukwaju ndani ya sufuria tangu magharibi hadi alfajiri, akauchuja, akaurudisha humo humo na unga wa mtama na chumvi kidogo, akapika. Hakutia sukari. Alidai, na ni kweli, kwamba ukwaju uliorowekwa katika sufuria ile ulipungua ukali na kupata utamu wa mbali, ambao chungu cha udongo hakikuweza kuutoa. Aliuhesabu utamu huo kuwa ni baraka ya mikono ya mama yake. Mjamzito alikunywa bakuli moja asubuhi na moja jioni, hadi arobaini ya mtoto. Yaliyobaki tulipewa sisi watoto, tukagombania mwiko. Nami nilikuwa hodari wa mwiko.

Hali ya nne na ya mwisho ni dada yangu, mkubwa wangu kwa miaka miwili. Aliolewa Galu na mshona nguo mpole, mjane, mwenye watoto wawili wa marehemu mkewe, ambaye alimpenda dada kwa namna iliyowakera jamaa zake. Alishika mimba tatu. Ya kwanza ilitoka mwezi wa tano. Ya pili ilitoka mwezi wa saba, mtoto akapumua hadi adhuhuri. Ya tatu ilitoka mwezi wa tano tena. Mara zote tatu alikuwa kwetu, mikononi mwa Bibi, akitunzwa vizuri kuliko mwanamke yeyote kijijini.

Hizo ndizo hali. Jambo lilianza siku ya Ijumaa, baada ya sala, alipokuja mjomba wa shemeji yangu, ambaye nitamwita mzee wa Galu, pamoja na wenzake wawili. Dada alikuwa na mimba ya nne, ya miezi miwili, na alikuwa amefika kwetu siku hiyo hiyo asubuhi. Wageni walikaa barazani bila kuvua viatu.

"Mwalimu," alianza mzee, "sisi hatukuja kugombana."

"Karibuni," nilijibu. "Mkivua viatu nitaamini."

Walivua. Mzee akaendelea: "Twasema hivi. Shamba likikataa mbegu mara tatu, mkulima hana ugomvi na shamba. Huhama."

Sauti ya Bibi ikatoka nyuma ya pazia: "Na mbegu ikiwa imeoza je, huhama nayo?"

"Mbegu yetu, mama, ina watoto wawili kwa yule marehemu. Wazima. Juzi wamevunja kioo cha msikiti."

Kioo cha msikiti kilikuwa hoja nzito.

Mzee alitaja alichojia. Fuko letu, alisema, lina damu nyepesi, na jambo hilo linajulikana kutoka Galu hadi Shimoni. Mimba hii ikitoka kama tatu zilizotangulia, kijana wao ataandika talaka, apende asipende, na wao hawatachukua tena mke katika nyumba yetu. Alisema maneno haya bila ukali, kama mtu anayesoma tangazo la mwingine.

"Si damu," nilisema. "Nitawaleteeni nasaba yetu kwa maandishi, tangu mama yake Bibi hadi leo. Mkiyaona maradhi ndani yake, semeni."

Ilikuwa ahadi ya mtu aliyesoma kidogo kuliko alivyodhani. Walipoondoka nilimwuliza dada kama mwenyewe alitaka kubaki katika ndoa ile. "Nampenda," alisema. "Tena cherehani yake nimeizoea. Nikilala pasipo kelele zake sipati usingizi."

Kesho yake niliunganisha karatasi nne za daftari kwa gundi, nikachora. Nilikuwa nimefunzwa chuoni, tuliposoma hadithi za Mtume, kwamba habari haina thamani bila mlolongo wa walioipokea, na kwamba mpokezi usiyempenda huandikwa sawasawa na umpendaye. Bibi alipepeta mchele huku akinitajia. Duara tupu lilikuwa mtoto aliyeishi. Duara lililojazwa wino lilikuwa mimba iliyotoka au mtoto aliyezikwa kabla ya kutembea. Bibi mwenyewe alizaa tisa akazika watatu, na kwa zama zake hesabu hiyo haikumshtua mtu. Dada mkubwa wa mama alishika mimba sita, akabaki na mtoto mmoja, mwenye kifafa. Mama yetu alishika saba, tukabaki wawili. Dada yangu tatu, na hakuna. Kadiri nilivyoshuka ndivyo madoa yalivyozidi. Nilimaliza wino mweusi, nikaendelea na wa buluu. Kufikia adhuhuri karatasi ilisema yale yale aliyosema mzee wa Galu, ila kwa mwandiko mzuri zaidi.

Palikuwa na mmoja tu aliyeharibu mpangilio. Mama yetu mdogo, kitinda mimba wa Bibi, aliolewa na mfugaji huko Mackinnon Road. Bibi alikasirika kwa kuwa hakushauriwa, naye mama mdogo akakasirika kwa kuwa Bibi alikasirika, na kwa sababu hiyo hakurudi kwetu kuzaa hata mara moja. Alizaa saba. Wote saba walikuwa hai.

"Huyo je, Bibi?" niliuliza.

"Huyo ana kiburi. Kiburi hushikilia mimba."

Niliandika maneno hayo pembeni, kama nilivyofunzwa, bila kuyapima.

Dada alikuwa amekaa kizingitini, bakuli lake mkononi, akitazama kazi yangu kichwa chini miguu juu. "Umemsahau mke wa mjomba," alisema.

"Si wa fuko letu. Na watoto wake ni wa fuko la mama yao."

"Sikukuuliza ni wa nani, kaka. Nimesema umemsahau. Alilala chumba hiki hiki, akalia kitanda hiki hiki."

Alisema kweli. Mke wa mjomba alitoka milima ya Kwale, na kwa kuwa mama yake alikuwa amekufa, Bibi alimlea katika mimba zake kama binti yake. Mbili zilitoka nyumbani kwetu. Kisha mjomba akahamia Mombasa pamoja naye, na huko alizaa watatu, wote wazima. Hakuna mtu aliyewahi kuzihesabu zile mbili. Kosa hili, naamini, lingeweza kufanywa na watu wanaohesabu kama sisi tu. Kwa kuwa maradhi tuliyaita ya fuko, tumbo la mgeni halikuweza kutoa ushahidi. Na kwa kuwa halikutoa ushahidi, maradhi yalibaki ya fuko. Watu wanaohesabu kwa baba wangeliona jambo hili mara moja, ingawa sina shaka kwamba wangekosea mahali pengine.

Nilimwongeza mke wa mjomba pembeni mwa karatasi, pamoja na maduara yake: mawili yaliyojazwa, matatu matupu. Nilikaa nikaitazama. Mwanamke asiye na tone la damu yetu alipatwa na maradhi ya damu yetu alipokaa kwetu, akapona alipohama. Na binti wa damu yetu halisi alinusurika kwa kutorudi nyumbani. Basi maradhi hayakuwa katika ukoo. Yalikuwa katika nyumba.

Niliandika sababu nne zinazowezekana. Ya kwanza ilikuwa kisima. Lakini majirani walikunywa kisima hicho hicho, na watoto wao walijaa njia nzima. Ya pili ilikuwa mkunga. Lakini mkunga alikuwa mmoja kwa kijiji chote. Ya tatu ilikuwa chumba. Lakini kwa mimba ya tatu Bibi alikuwa amemhamisha dada chumba kingine. Ya nne ilikuwa husuda, nayo haina kipimo. Chakula sikukiandika, kwa sababu chakula cha nyumbani kwetu kilikuwa kizuri. Nilirudi Matuga na karatasi yangu, na dada akabaki kwa Bibi, bakuli asubuhi, bakuli jioni.

Katika juma la tatu fundi wa kalai alipita shuleni Matuga kuziba ndoo zinazovuja. Nilifurahi kuona uso wa nyumbani, nikaenda kumsalimu. Hakunipa mkono. Mkono wake wa kulia ulining'inia kuanzia kifundo, vidole vikitazama chini, naye alikuwa akiuinua kwa mkono wa kushoto kila alipotaka kuuweka mahali.

"Umeumwa na nini, fundi?"

"Sijaumwa. Umechoka tu. Umechoka tangu mfungo mosi, Ramadhani ilipokwisha."

Nilimpeleka zahanati ya Kwale. Dresa, yule mhudumu afungaye vidonda na kugawa dawa, alikuwa mtu mzima aliyewahi kufanya kazi Mombasa, mwenye haraka, asiyependa hadithi. Aliutazama mkono, kisha akamwinua fundi mdomo wa juu kama mtu anayenunua punda. Kwenye ufizi palikuwa na mstari mwembamba wa kijivu chenye ubuluu, kama uzi.

"Kazi yako nini, mzee?"

"Naziba ndoo. Natia kalai."

"Kwa bati?"

"Bati liko wapi? Kwa risasi." Alimaanisha madini yale mazito ya kijivu ambayo wavuvi huyayeyusha kuwa vizito vya nyavu.

"Waipata wapi?"

"Betri za malori ya vita. Mackinnon Road zimejaa tele. Wazungu wameondoka wameziacha. Mwavunja, mwatoa mabamba, mwayeyusha."

"Basi wewe wala betri, mzee."

"Nazila vipi? Mimi chakula changu ni muhogo."

Dresa aliandika kitu, kisha akazungumza nami badala ya fundi, kwa kuwa nilivaa koti. Aliwaona watu kama hawa bandarini, alisema, wapaka rangi wa meli. Rangi ile ilikuwa na risasi. Tumbo huwasokota, mikono huwaanguka. Na wake zao wanaofua nguo zao za kazi, mimba hazikai.

Nilimwomba arudie sentensi ya mwisho. Alirudia, kwa kukereka.

"Na ikiwa risasi imepakwa ndani ya chombo cha chakula?"

"Chakula gani? Vitu vikali huiyeyusha. Siki. Ndimu."

"Ukwaju?"

"Ukwaju, mwalimu, hasa ukilala humo. Tena utaona watamu, watu wausifu." Alinitazama mara ya kwanza kwa makini. "Kwa nini wauliza?"

Nilikaa kwenye benchi la wagonjwa, ingawa sikuwa mgonjwa. Dada alikuwa amekaa kwa Bibi siku ishirini na moja. Nilifanya hesabu: bakuli arobaini na mbili, na siku hiyo ilikuwa bado haijafika jioni.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumamosi. Nilimwomba fundi tufuatane nyumbani, naye akakubali. Nilimweleza njiani. Tulipofika alikaa barazani, akakataa kuingia ndani.

Bibi alikuwa jikoni, akikoroga. Dada alikuwa kwenye mkeka, bakuli mbele yake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umekonda. Huyo mke mwenzangu wa Matuga hapiki?"

"Sina mke, Bibi."

"Ndiyo maana nikasema hapiki."

Nilianza kwa utaratibu niliofunzwa, kutoka mbali kuja karibu: tabia za madini kwa jumla, kisha madini laini, kisha uchachu na athari zake. Bibi alisikiliza mpaka kwenye madini laini.

"Mume wangu, ulichokuja nacho ni kipi?"

"Sufuria ina sumu."

"Ipi?"

"Hiyo."

Aliendelea kukoroga. Uji wa mtama ukiachwa hushika chini. "Sufuria hii ilimlea mama yako," alisema.

"Ndiyo, Bibi."

"Na mimi ilinilea tumboni."

"Ndiyo."

"Nawe uliulamba mwiko wake ukapigana na dada yako."

"Ndiyo, Bibi."

"Basi wasema kwamba waliozikwa, niliwazika mimi."

Nilikuwa nimetayarisha majibu ya maswali mengine kadhaa, mazuri, lakini hakuyauliza.

Dada alikuwa ameliinua bakuli hadi kidevuni. "Kaka, ninywe nisinywe?"

"Usinywe."

"Bibi, nisinywe?"

"Unywe," alisema Bibi.

Dada aliliweka bakuli chini, katikati yetu sote watatu, akaikunja mikono juu ya tumbo lake. "Mimi nimezika watatu," alisema. "Mtakapokubaliana mtaniambia." Wala hakumtazama yeyote.

Ndipo Bibi alipomwona fundi kupitia mlangoni, ameukumbatia mkono wake. Akamwita ndani. Fundi aliingia akasimama karibu na kizingiti.

"Fundi, sufuria yangu uliitia nini?"

"Risasi, bibi."

"Mimi nilikwambia bati."

"Bati halikuwapo. Baba alikuwa akichanganya, nusu bati, nusu risasi. Mimi tangu vita sikuipata ile nusu ya kwanza, nikawa natia nusu ya pili mara mbili."

"Mara zote?"

"Mara zote, bibi. Mbona ilikuwa yang'aa."

"Ilikuwa yang'aa," alikubali Bibi. Aliutazama mkono wa fundi. "Watoto una wangapi?"

"Sina."

"Wake umeoa wangapi?"

"Wawili." Alisita. "Hushika mimba, bibi. Hazikai."

Bibi aliinamisha kichwa. Nadhani alikuwa anahesabu, kama nilivyohesabu mimi, bakuli alizompa fundi kwa mkono wake kila alipomaliza kazi, kwa ukarimu, na alizombebesha ampelekee mkewe.

Aliiepua sufuria mekoni. Hakuumwaga uji nyuma ya jiko, ambako kuku wangeula; aliuchukua hadi mpakani mwa shamba, akachimba kwa jembe la mkono, akaufukia. Kisha akamwomba fundi msumari na nyundo. Mkono wa kulia wa fundi haukuweza kushika, kwa hiyo Bibi alishika msumari, fundi akapiga kwa mkono wa kushoto. Pigo la nne lilipenya. Bibi aliiinua sufuria juani, akatazama mwanga ukipita kwenye tundu, ili kuhakikisha kwamba hakuna atakayeipikia tena, akiwa wa fuko au si wa fuko. Kwa siku kumi na moja hakusema nami. Siku ya kumi na mbili alinitumia salamu Matuga kwamba nikija nije na chungu kipya. Dada alilalamika kwamba uji wa chungu ulikuwa mkali, akaunywa.

Nilikwenda Galu na nasaba yangu, yenye maduara ya mke wa mjomba pembeni. Mzee wa Galu aliinamia karatasi, akifuata madoa kwa kidole.

"Kwa hiyo si damu," alisema.

"Si damu. Ni sufuria."

"Na sufuria imetobolewa."

"Imetobolewa."

"Basi na tungoje," alisema, akanirudishia karatasi. "Lakini mara tatu ni mara tatu, mwalimu. Mimi si dresa."

Niliposema kwamba si damu nilisema nilichokijua wakati ule, na hakikuwa kamili. Niliyoyasoma baadaye, kwa miaka mingi na kwa uvivu wa mtu ambaye jambo limekwisha kumpita, ni haya. Risasi ikiingia mwilini haitoki yote. Mwili huidhania kuwa ni chokaa ya mifupa, ukaihifadhi mifupani pamoja na chokaa ya kweli, kwa miongo. Mwanamke akishika mimba, mifupa yake hutoa chokaa kumjengea mtoto, na risasi iliyohifadhiwa hutoka pamoja nayo. Kwa hiyo dada, hata alipoacha kunywa, alikuwa bado anamnywesha mtoto wake mwiko aliougombania nami akiwa na miaka sita. Tena mtoto wa kike hupata mbegu za mayai yake yote akiwa bado tumboni mwa mama yake. Mama yake Bibi alipokunywa bakuli moja akiwa na mimba ya Bibi, waliolishiriki bakuli hilo walikuwa yeye, na binti yake, na nusu ya mama yetu.

Wataalamu wa siku hizi huongeza kwamba sumu za namna hii huenda zikaacha alama juu ya chembe za urithi, bila kuyabadili maandishi yenyewe. Mimi hujieleza jambo hili kwa mfano wa maandishi ya Kiarabu ya chuoni: herufi hubaki zile zile, lakini mtu akizihamisha irabu zilizo juu na chini yake, neno husomeka vingine, na mwanafunzi anayenakili hunakili na kosa. Wenyewe husema bado wanachunguza alama hizo zinafika kizazi cha ngapi kwa binadamu, nami sina cha kuwaongezea. Naandika tu kwamba mzee wa Galu, aliyesema damu, na mimi, niliyesema sufuria, kila mmoja alikuwa na sehemu. Na kwamba kitu kikikaa jikoni muda wa kutosha huhamia ukooni. Mimi mwenyewe nililamba mwiko ule kwa miaka saba. Huenda yapo mambo ambayo ningeyafahamu na siyafahamu, lakini hili, kwa tabia yake, siwezi kulichunguza.

Mwezi wa tano wa mimba ulipita. Dada alikaa ndani siku zote za mwezi huo, na shemeji alihamishia cherehani yake kwetu, akashona barazani, jambo ambalo jamaa zake walilisema sana. Mwezi wa saba ulipita. Bibi alipika uji kila siku kwa chungu, akauonja yeye kwanza, akangoja kidogo, ndipo akampa. Nilimweleza kwamba sumu ya namna ile haionekani kwa kuonja na kungoja. Alisema anajua.

Dada yangu alijifungua mwezi wa tisa, mtoto wa kike, hai, mdogo wa umbo. Hakuachwa. Mtoto alichelewa kutembea na kuchelewa kusema, akajua kusoma akiwa na miaka kumi na mmoja. Alipokua aliolewa, na mimba yake ya kwanza ilitoka mwezi wa tano. Baada ya hapo alizaa wavulana wawili na msichana mmoja, nao wako hai.